Kadi Aliyoichagua Mkwe

Mama Kadi hakuzaliwa na jina hilo, alilipata kazini. Miaka kumi na minane alikuwa akitengeneza kadi za harusi katika chumba kimoja chini ya ngazi za ghorofa, na kazi yenyewe haikumsumbua hata kidogo. Waliomsumbua ni wenye harusi. Bwana harusi ana baba wadogo saba, na kila mmoja anataka jina lake litangulie. Mama Kadi alifungua orodha ya majina, akaifunga, akafungua kadi, akaifunga, mpaka siku moja akachapa kadi mia tatu zilizomtangaza shangazi wa bibi harusi kuwa ndiye anayeoa.

Akasema basi, imetosha. Akanunua skrini ya pili: orodha huku, kadi kule. Lakini kompyuta yake ilikuwa na tundu moja tu la skrini. Akaambiwa ili ziwake mbili anahitaji kadi ya michoro, kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachopeleka picha kwenye skrini.

"Yaani mimi ndiye wa kukosa kadi?" alisema, akacheka peke yake.

Kosa lake lilikuwa kulitaja jambo hilo mezani mbele ya mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Mkwe alikuwa afisa katika ofisi ambayo hakuna aliyewahi kuelewa inafanya nini, yeye mwenyewe akiwemo, ila kwenye mambo ya kompyuta alijihesabu bingwa. Akaweka kijiko chini.

"Mama, hilo niachie mimi. Kadi si kitu cha kuokoteza."

Angekuwa mwanawe wa kumzaa, angemwambia anyamaze ale. Lakini mkwe ni mkwe. Humkatalii usoni, na uso wenyewe humkodolei macho. Akasema tu, "Asante, baba."

Wiki tatu mkwe alisoma na kulinganisha. Kila alipokuja alisimulia vivuli, majani yanayopepea, maji yanayometameta.

"Na herufi je, baba? Zinaonekana?"

"Herufi, mama? Hii inakuonyesha unywele mmoja mmoja wa simba!"

Mama Kadi hakuwa na mteja simba.

Kadi ilipofika ilikuwa na feni tatu, taa za rangi, na urefu wa kutosha kuegeshea mlango. Sanduku la kompyuta halikuimeza, likanunuliwa lingine. Ilipowashwa, chumba kikanguruma hadi wateja wakauliza kama jirani amefungua mashine ya kusaga.

Skrini mbili ziliwaka, hilo la kweli lisemwe. Ila kila siku saa tisa alasiri mkwe alifika "kuipima", na kuipima kwenyewe kulikuwa kucheza gemu, kufyeka maadui kwenye skrini ya kushoto. Orodha ya majina ikarudi kujificha nyuma ya kadi. Bibi harusi mmoja aliyekuja kusahihisha jina la mamake alikuta damu imetapakaa skrini nzima, akauliza kwa unyonge, "Hiyo ndiyo rangi tuliyochagua?"

Siku ya pili yake Mama Kadi alikwenda dukani mwenyewe. Muuzaji akamwuliza anacheza gemu gani.

"Nacheza na majina ya watu. Nipe iliyo ndogo kuliko zote, yenye matundu mawili, isiyopiga kelele."

Muuzaji akapangusa vumbi kwenye boksi moja. "Hii, mama, gemu haichezeshi kabisa."

"Funga hiyo hiyo."

Mkwe alipokuja alasiri alibofya, akasubiri. Askari wake akasogea kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Akainama kuchungulia chini ya meza, akainuka polepole.

"Mama... ile kadi?"

"Niliionea huruma, baba," alijibu akitazama ukuta kwa heshima zote. "Kitu chenye nguvu vile, kukitumikisha kuandika shangazi za watu! Nimekufungia kwenye mfuko, nenda nayo nyumbani."

Haikupita wiki, binti akapiga simu. "Mama, umetuletea nini? Sebule inanguruma, mume nikimwita hasikii!"

"Pole, mwanangu. Njoo huku kwangu, kuna kimya."

Binti akaja, akavuta kiti. Akawa anasoma majina kwenye skrini ya kushoto, mama akiyapanga kwenye ya kulia. Siku ile ile walimkamata kabla hajachapwa babu mmoja, marehemu wa miaka mingi, aliyeandikwa kuwa mshereheshaji.