Mwanamke wa Kusimama Juu ya Sushi

Fumiyo Murashige alikuwa mnene, na kule Iwakuni unene wake ulikuwa na kazi. Sushi ya mji ule haifinyangwi kwa vidole. Hupangwa ndani ya sanduku kubwa la mbao, tabaka juu ya tabaka: wali wa siki na samaki, juu yake uyoga, nyuzi za mayai na vipande vya mzizi wa yungiyungi, kisha majani ya mgomba, kisha wali tena. Kifuniko kikishawekwa, mtu hupanda juu akashindilia kwa uzito wake. Na harusi gani ingefanyika mtaani bila Fumiyo? Alifuatwa kwa gari. Akipanda na soksi zake nyeupe, wanaume walimtania kwamba sanduku linaomba radhi, naye akawajibu kuwa wake zao wangepeperushwa na upepo. Sushi yake ilikatika kama tofali. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake, na wala hakuwa na nyingine.

Basi binti yake wa pekee, Chinatsu, akapata mchumba Tokyo, na wazazi wa kijana wakataka kuja kujuana na Fumiyo. Chinatsu alitangulia siku moja. Akazungukazunguka jikoni, akafuta vilivyokwisha kufutwa, mwishowe akatoa lililomkaa rohoni.

"Mama, kesho usipande juu ya sanduku."

"Nisipande? Apande nani, paka?"

"Weka mawe tu. Wale hawajazoea mambo haya. Wamwone mtu anakanyaga chakula chao, tena..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamemtua mama yake kiunoni, akayaondoa haraka. Fumiyo aliyaona, na jamani, yalimchoma. Mtoto aliyelala juu ya tumbo hilihili miaka yote ya utoto wake! Akajibu tu kwamba sawa, mawe yapo.

Kesho yake Chinatsu alipokwenda kuwapokea wageni stesheni, Fumiyo alipanga mawe ya kukandamizia achari juu ya kifuniko. Alijua ni mepesi. Mawe yale yanaiweza kabichi, hayaiwezi sushi ya matabaka. Nyumba ilikuwa tupu. Angeweza kupanda, akashuka, asijue mtu. Hata ndara alikwisha kuzivua. Ndipo akayakumbuka yale macho, akazivaa tena.

"Na imwagike," alijisemea. "Atajua mama yake ana uzito gani."

Ikamwagika. Sanduku lile halina kitako; desturi ni kulinyanyua mbele ya wageni, sushi ibaki imesimama, na Fumiyo akalinyanyua. Sushi ilisimama kidogo, halafu upande mmoja ukaporomoka, matabaka yakateleza, wali ukamiminika juu ya mkeka mpaka kwenye magoti ya Bi Kuroiwa, mama wa kijana. Bi Kuroiwa akasema si neno, mbona inanukia vizuri. Mumewe akageuka kutazama bustani.

Fumiyo alingoja moyo wake ufurahi. Badala yake akamwona Chinatsu anaweka paji la uso kwenye mkeka, mbele ya wakwe.

"Kosa ni langu," Chinatsu alisema. "Mama ndiye fundi wa mji huu, watu humfuata kwa gari. Mimi nilimkataza kupanda kwa sababu niliuonea aibu mwili wake."

Uso ulimwaka Fumiyo. Angeweza kunyamaza, kwani kesi alikwisha kuishinda, na mwenye kosa amekiri mwenyewe. Lakini ushindi gani huu, mtoto kujivua nguo mbele ya watu kwa kosa ambalo nusu yake si lake? Akapiga magoti kando ya binti yake, naye akainama. Akawaambia wageni kwamba mawe yalikuwa mepesi, kwamba alilijua hilo tangu asubuhi, na kwamba aliiacha sushi vile kwa makusudi. Bi Kuroiwa aliendelea kuokota wali kwenye sketi yake.

Chinatsu aligeuza kichwa bila kukiinua. Walikuwa karibu mno, pumzi zao zikikutana.

"Mimi nilikuonea aibu, mama," alisema polepole. "Wewe umeniaibisha."

Fumiyo alibaki vilevile, paji la uso kwenye mkeka, akiogopa kuinuka.