Msiba Haupelekwi Mkutanoni

Safari hii sikuipanga. Mtandao wetu wa asasi za kiraia pale Arusha ulikuwa umepewa dakika mbili za kusema katika mkutano wa dunia wa maendeleo endelevu. Ofisini tulikubaliana msemaji awe Mama Theresia wa Jorodom, Katesh. Ni mkulima aliyepoteza nyumba na mdogo wake katika yale maporomoko ya matope ya Mlima Hanang, na sasa anaongoza wanawake wanaopanda miti kwenye miinuko ya mlima uleule. Pasi ilikuwa tayari, viza tayari, na hotuba tulikuwa tumemwandikia wenyewe. Kisha akapiga simu. Hotuba ameisoma, akasema, na hasafiri mpaka akae kwanza na wenzake wa Mbulu na Hanang.

Bosi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. "Nenda ukamweke sawa," akaniambia. "Ijumaa tunapeleka jina na hotuba. Tukichelewa, nafasi wanapewa wengine."

Babati nilimkuta ananisubiri, amevaa sweta juu ya kitenge, hotuba yetu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za mama, za mvua, za barabara, na za mama tena. Kila nilipotaka kuingia kwenye hoja, alikuwa bado hajamaliza kunijulia hali. Nilikuwa na haraka zangu za mjini, na nakiri salamu zile zilinikera kidogo, lakini nikawasha gari tukaondoka.

Baada ya Dareda barabara inaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na baridi inaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Huko juu nilibaki kutazama tu. Mashamba yamepangwa kwa matuta kuanzia bondeni hadi karibu na kilele, samadi imemwagwa vizuri, hakuna pembe iliyoachwa hovyo. Nimekaa kwenye semina nyingi za kilimo hifadhi, nikala biskuti nyingi, na sijawahi kuonyeshwa picha inayofikia kilima kimoja cha njia ile. Mama Theresia aliniambia babu zake walilima hivyo kabla mtu yeyote hajaja kuwafundisha.

Dongobesh, huko Mbulu, tulifikia kwa Bibi Agatha, mjane mwenye shamba la vitunguu swaumu, na uani kwake watu walikuwa wamekwisha kukaa. Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa pale, alikuwa amefunga duka akaja na birika kubwa la chai ya maziwa. Kwenye buti la gari nilikuwa na karatasi kubwa, kalamu za rangi na stika za kupigia kura vipaumbele, kama tunavyofundishwa. Hazikutoka kwenye buti. Mama Theresia alisimama akaisoma hotuba yetu polepole, yote: usiku ule wa mvua, kishindo, matope, jina la mdogo wake, machozi yake. Kwa upande wetu tuliiona ni hotuba nzuri, na aliyeiandika ni mimi.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Bibi Agatha aliweka kikombe chini, akaniuliza kwa upole kama kwetu hatuna desturi za msiba. Ndipo akanieleza. Zamani kwa Wairaqw, nyumba iliyofiwa ilikaa peke yake. Mwenye msiba hakuingia boma la mtu, hakunywa maji ya kisima kimoja na wengine, mpaka muda wake uishe na atakaswe, ili asiwapelekee wenzake kifo. Siku hizi watu wanasali kanisani na mengi yamelegea, lakini hilo moja bado lipo moyoni.

"Mwanangu, huyu tunamtuma kwenye nyumba za watu," alisema. "Wewe umempakia msiba mgongoni. Akifika nao huko, watamfanya nini? Watampa pole, wafunge mlango."

Niliona aibu, na sitaifichaficha. Wale hawakuwa wanakataa mkutano wa dunia. Waliuheshimu kuliko sisi, kwa sababu sisi tuliuona jukwaa na wao waliuona nyumba ya watu. Wakaanza kuulizana atumwe na nini badala ya msiba, na kila aliyesema alisikilizwa mpaka mwisho, hata yule aliyerudia ya mwenzake. Hadi jioni walikuwa na mwanzo wa neno: akaombe kusikilizwa mapema, si kuhurumiwa.

Kesho yake tulishuka kuelekea Hanang, na pale Nangwa, mlima ukiwa wazi mbele yetu, nikasimamisha gari nimpigie bosi. Nilimweleza. Alifoka. Alisema watu wa kule mkutanoni wamechoshwa na madai, kinachowagusa ni simulizi, na bila simulizi hapeleki jina lolote. Mama Theresia alinyoosha mkono nikampa simu. Kwake yeye, bosi alianza na shikamoo, na mtu akishaamkia hivyo ni vigumu kuendelea kufoka.

"Marahaba, baba," alisema Mama Theresia. "Mimi mdogo wangu nimemzika. Sitamfukua ili nipewe dakika mbili. Kama hamna kazi nyingine ya kunituma, mpelekeni mwingine, sitanuna."

Akanirudishia simu. Bosi akasema tumtumie hayo maneno mapya, atayasoma, lakini hakuahidi kitu. Tukaendelea hadi Katesh. Jorodom, Mama Theresia alinionyesha ilipokuwa nyumba yake, mawe makubwa yamekaa kama yamezaliwa pale, halafu akanivuta haraka nikaone miche yake.

Basotu ndipo neno lilipokamilika. Tulikaa kwenye majani kando ya ziwa, wavuvi, wakulima, na wafugaji wa Kidatooga waliokuja na fimbo zao, na tukala perege wa kukaanga na ugali. Mama Theresia aliwapa yaliyotoka Dongobesh. Mama mmoja wa Kidatooga akasema udongo wanaoupoteza watu wa juu unaishia ziwani kwao, kwa hiyo mlima si wa Katesh peke yake. Hakuna kura iliyopigwa. Waliligeuza neno mpaka kila mmoja akaona na lake limo: wanaoishi chini ya mlima na kando ya maji wakae mezani mipango inapoanza kuandikwa, si kuitwa baada ya maafa kuja kusimulia. Kisha mzee mmoja akasimama akatoa slufay, ile dua ndefu ya Kiiraqw inayofunga kikao. Yeye anasema, watu wanaitikia, hata wasio Wairaqw. Niliitikia na mimi bila kuelewa maneno, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwenye kazi hii kwa muda mrefu.

Usiku uleule niliyatuma maneno hayo kwa simu. Ijumaa tukiwa njiani kurudi, karibu na Babati, bosi alijibu kwa neno moja: "Aende."

Arusha, wiki kadhaa baadaye, tulijazana ofisini kumtazama kwenye kompyuta. Alisema yale ya Basotu, mkalimani akatafsiri, na muda ukabaki. Mwenyekiti wa kikao, mtu mwenye huruma kwa kweli, akasema amesikia kwamba alifiwa, akamwomba awaeleze kidogo usiku ule ulivyokuwa.

Mama Theresia aliinamisha kichwa, akashukuru. "Pole nilishapewa nyumbani," alisema. "Hapa nimetumwa kazi. Naomba mnijibu hiyo, nikawaambie walionituma."

Kisha mwenyekiti akavuta karatasi, akamwomba arudie, ili aandike.

Miaka yote nilikuwa nikisema kazi yetu ni kuwapeleka watu kama yeye mbele ya dunia. Waliompeleka ni watu wa Dongobesh na Basotu. Sisi tulikata tiketi tu.