Mkono Begani mwa Mume Wangu

Mume wangu aliileta picha ile Jumamosi mchana, ameikumbatia kwa mikono miwili. Tulikuwa na miezi minne tu ya ndoa, tunaishi chumba kimoja katika nyumba za kaunsili, na ukutani hapakuwa na kitu ila kalenda. Yeye alikuwa karani wa reli. Studio moja ya Eastleigh ilikuwa imemkuzia picha yake hadi ikawa kubwa kama trei ya chai. Fremu mpya hatungeiweza, kwa hiyo alitafuta kuukuu isiyo na kioo. Jirani yetu mchonga vinyago akaipigilia hadibodi nyuma, na mbele akatandaza plastiki.

Nilifurahi hadi nilipoketi kuitazama vizuri. Pembeni kabisa, begani mwake, palikuwa na vidole vinne vya mwanamke, na bangili ya shaba.

"Huu mkono ni wa nani?"

"Mtu tu. Alikuwa anapita."

"Anapita huku amekushika bega?"

Akacheka, akasema anataka chai. Tulikuwa tumetoka kunywa chai.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutazama mikono. Muuza sukuma wiki akinipa chenji, namwangalia kifundo cha mkono. Kanisani, wenzangu wakisalimiana kwa furaha, mimi natafuta bangili. Nilimwendea hata yule mchonga vinyago.

"Mama, mimi niliambiwa nipigilie misumari," alisema, macho yake kwenye patasi. "Sikuambiwa nitazame."

Jibu hilo lilinimaliza. Mtu asiye na la kuficha hasemi hivyo.

Jumanne, mume wangu akiwa kazini, niliiteremsha picha na kuing'oa misumari kwa kisu cha jikoni. Hapo ndipo nilipoona kuwa picha ilikuwa kubwa kuliko fremu, na upande mmoja ulikuwa umekunjwa kwa nyuma. Nikaukunjua. Mama mtu mzima, miguu mitupu, amesimama kando ya chungu cha busaa, pombe ya kienyeji, akicheka. Paji lake la uso lilikuwa la mume wangu, lile lile.

Nilikuwa nimeambiwa kuwa mama mkwe hakuja harusini kwa sababu anaugua miguu.

Jioni nilimngoja na picha mezani. Aliketi bila kuvua koti.

"Watu wenu wameokoka," alisema. "Baba yako aliniuliza mama anafanya kazi gani. Nikasema analima."

"Na miguu?"

"Haimuumi."

Nilimwonea huruma, lakini usingizi haukuja upesi. Kama mama mzima aliweza kufichwa nyuma ya hadibodi, ni nini kingine nilichokuwa sijakiona?

Mchonga vinyago alitutengenezea fremu ya kutosha kwa mbao za kreti, akazisugua kwa rangi ya viatu hadi zikang'aa. Nikamwandikia mama barua mwenyewe, kwa jina la mwanawe. Alikuja Desemba. Hakuketi, alikwenda moja kwa moja ukutani, akapitisha kidole juu ya alama nyeupe ya mkunjo iliyokata mkono wake pichani kutoka juu hadi chini.

"Nani alinikunja?"

Mume wangu akatazama sakafu.

"Fundi, mama," nikasema.

Akageuka akanitazama mimi, si mwanawe, kwa muda mrefu. Alikaa kwetu wiki mbili. Kila nilipompakulia chakula, alingoja mume wangu aonje kwanza.