Siku Kijiti Kilipokosa Kivuli

Asubuhi ya leo redio imetaja equinox, nami nikaacha chai ipoe. Neno hilo, ndugu yangu, nilifundishwa Subukia miaka ya hamsini, katika shule ya udongo ya shamba la mzungu, na tangu hapo sijapata kulitumia hata siku moja.

Mwalimu wetu aliliandika ubaoni kwa kipande cha chaki kisichozidi ukucha. Alisema limetoka Kilatini, limeunganisha “sawa” na “usiku”: siku mbili za mwaka, Machi na Septemba, usiku na mchana hulingana duniani kote. Kisha akacheka. Kwetu watu wa ikweta vinalingana hivyo mwaka mzima, sasa Waingereza wanashangilia nini? Faida yetu ni moja tu: siku hiyo jua la adhuhuri husimama utosini, na kijiti hukosa kivuli. Mwanafunzi atakayechora alama mpaka kivuli kiishe atakalia dawati la mbele.

Nililitaka dawati hilo kuliko nyama. Nikasimika kijiti kando ya nyumba, karibu na jiko la mama lililonukia githeri ya mahindi na maharagwe, nikawa nafukuza kuku wasikiangushe.

Siku yenyewe, lori la polisi likaingia kambini kwetu, kambi ya wafanyakazi wa shamba. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, Waingereza wakiwasaka wapigania uhuru, na wanaume walikuwa wakipakiwa kwenda kuhojiwa. Baba alikuwa ameshapanda, amevaa shati tu. Akaniona.

“Kuja na koti yangu, haraka! Huko tunapelekwa ni baridi!”

“Ngoja kidogo, baba, kivuli inaisha!”

Kilibaki unene wa kidole. Nikachora. Kikabaki unene wa uzi, nikachora tena, halafu hakikuwapo. Nikakimbia ndani, nikalitoa koti msumarini, nikafika barabarani nikakuta vumbi. Mama alilitazama koti mikononi mwangu.

“Rudisha,” akasema, basi. Hakuniuliza nilikuwa wapi, siku ile wala baadaye.

Baba hakurudi. Wiki iliyofuata nilikalia dawati la mbele.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao sita. Majuto bado nayangoja. Ile kambi ililimwa zamani, sasa ni mahindi matupu. Maana ya equinox naweza kukupa hata ukiniamsha usingizini. Na maneno ya baba pale juu ya lori ninayo yote, moja moja. Sauti yake ndiyo siikumbuki.