Mfuko wa Vita

Baada ya vita, wanaume wote wa Dilala, kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi wa shaba, waligeuka majenerali. Kabla ya hapo walikuwa mafundi wa umeme, madereva wa mashine za shimoni, makarani wa stoo, watu wa kunywa bia yao Jumamosi na kwenda misa Jumapili. Sasa ukikutana na mmoja njiani anakueleza pa kuvukia reli, pori gani lina maji, na saa ipi nzuri ya kukimbia. Vita yenyewe ilipokuwa hapa hakuna aliyejua lolote. Sote tulikuwa chini ya vitanda, na hao majenerali ndio waliojisogeza ndani zaidi, kule ukutani.

Mume wangu aliwazidi wote kwa cheo, na sababu alikuwa nayo. Siku tuliyokimbia, alitoka nyumbani na pasi. Pasi ya makaa, jamani! Risasi zinalia, mimi nina mtoto mgongoni na kikwembe kinanifunguka, yeye yuko mbele yetu na pasi ya chuma, anaibadilisha mkono kila ikimchosha. Vidonge vya pumu vya binti yetu vilibaki juu ya kabati, mahali pake pa kila siku. Tulipofika porini, upande wa njia ya Mutshatsha, kifua cha mtoto kikafunga. Nilimshika wima huku akivuta pumzi kwa mluzi, baba yake amekaa pembeni na pasi yake, anamtazama tu. Alipona peke yake, namna gani Mungu anajua. Tuliporudi nyumbani, mume wangu hakutaka tena hata kusikia neno pasi, na misa alienda na shati la mikunjo.

Ndipo akaanza kujitayarisha. Alianza na mifuko ya nguo zake. Hakuvuka mlango bila tochi, kisu cha kukunja, kamba, filimbi shingoni, na sigara za kuwapa askari wa kwenye vizuizi, yeye ambaye tangu azaliwe hajavuta hata moja. Juu ya hayo kulikuwa na kitambulisho, kadi ya chama, kadi ya kazi, na beji ya picha ya Rais kifuani, maana katika Zaire yetu ile uliweza kupona risasi ukaja kupotea kwa kukosa beji. Akipita barabarani analia kama kabati la sahani. Mwizi angemsikia toka mbali akapata muda wa kwenda kula kwanza.

Mimi nikapangiwa vya kwangu: chumvi na kiberiti katika fundo la kikwembe, na kitambaa cheupe cha kupepea. Nikamwuliza, nikienda sokoni kutafuta sombe, yale majani ya muhogo, nimpepee nani, muuza sombe? Akanitazama kwa huruma.

"Mama, weye cheka tu. Siku itafika, utanitafuta."

Binti yetu alipoanza shule, alivishwa shingoni kibati cha shaba kilichogongwa namba ya kazi ya baba yake, ili akipotea watu wajue wamrudishe wapi. Shaba yetu hii ambayo dunia nzima inaitaka ilimgeuza mtoto shingo kuwa ya kijani. Mwalimu akadhani ni hirizi. Padri naye akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama kwetu Kasai bado tunaenda kwa waganga, na mimi nikabaki natafuta maneno ya kumweleza kwamba mganga ninaye nyumbani, nimefunga naye ndoa mbele yake mwenyewe.

Lakini hivyo vyote vilikuwa vitoto. Baba yao alikaa nyuma ya mlango wa sebule, naye alikuwa mfuko wa vita. Mume wangu aliushona mwenyewe kwa turubai nene, akaupigia pete za chuma mdomoni, akapitisha mnyororo, akaufunga kwa kufuli. Ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na filimbi, akashuka nao shimoni kila zamu. Nilimwuliza, vita ikija wewe uko shimoni, sisi tutaufunguaje? Akasema vita itatoa dalili. Kufuli, alisema, ilikuwa ya kuzuia wageni, kwa kuwa ndugu zake wakishuka kwenye treni kutoka Kasai hawaulizi habari za watu, wanauliza sukari iko wapi.

Miaka hiyo kila kitu kilianza kuadimika, na kila kizuri kilichoingia mlangoni kwetu kiliishia katika mfuko ule. Sabuni ya kunukia ilienda mfukoni, na sisi tukaoga kwa kipande cheusi kisichotoa hata povu. Sukari ilienda mfukoni. Mishumaa na mawe mapya ya tochi vikaenda pia. Umeme ukikatika tulikula bukari, ugali wetu, gizani, tunapapasa samaki, mishumaa imelala salama hatua chache kutoka kwenye meza. Nikilalamika, jibu lilikuwa moja.

"Hii hayiko vita."

Nikasema sawa, giza siyo vita. Padri akija kututembelea, akinywa chai chungu huku anatabasamu kwa shida, nayo haikuwa vita. Mwenyewe nilifanya mzaha, nikamwuliza kama akifa yeye, nimzike kwa mshumaa mmoja au nisubiri adui. Alifikiri kwanza. Haki ya Mungu, yule mtu alifikiri kwanza! Halafu akasema, "Mumoja, sawa. Lakini hapana zaidi."

Mambo hayo niliyacheka. Lililonikaa moyoni ni vidonge. Pale zahanati ya kambi dawa zilianza kuja kwa kubahatisha, na muuguzi alipopata vya pumu alitupa kopo dogo, akasema mengine hajui lini. Mume wangu alifika nalo nyumbani analibeba kwa mikono miwili. Moja kwa moja mfukoni. Kufuli, kwaa! Nilisimama mbele ya mlango nikamwambia mtoto anaumwa hapa, katika nyumba hii, juu ya kitanda hiki, siyo huko porini kwenye vita yake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alishamwona mtoto anafunga kifua bila dawa karibu, na hataona tena. Nikamjibu atamwona, na dawa itakuwa karibu, nyuma ya mlango. Tulikosana vibaya. Mwishowe akakubali kwamba kifua kikimbana kweli kweli, atafungua.

Kweli kweli ndiyo ilikuwa ipi? Mtoto akikohoa, anamwekea sikio mgongoni, anasikiliza, anatoa hukumu: "Hii hayiko vita. Inapita." Mimi nachemsha maji na majani ya mkalitusi, namfunika blanketi avute mvuke, na kweli inapita. Kisha ikaja miezi mtoto akatulia kabisa. Hakohoi, halalamiki. Mume wangu alifurahi mno, akawa anajisifu kwa watu kwamba mtoto akilelewa kiaskari hata ugonjwa unamwogopa. Nami nilishukuru, nikasema labda amekua, kifua kimepanuka.

Kambi nzima iliujua mfuko wetu. Jumapili baada ya misa tulifanya mazoezi: yeye anapiga filimbi, anautupa mfuko begani, sisi tunatoka mbio mpaka kwenye barabara kubwa. Majirani walileta viti nje. Siku moja alifika barabarani na mfuko, kamba na tochi, akageuka kutuhesabu, akakuta binti yake hayumo, yuko chooni. Walicheka mpaka wakashika matumbo. Lakini kucheka kwao kulikuwa kwa nje tu. Kila mmoja alikuwa amekwisha weka akilini kwamba siku mfuko wa yule bwana utakapofunguliwa, basi imefika, achukue watoto wake na kukimbia.

Ikaja asubuhi ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, wakati wa kiangazi, mvua zimesahaulika na vumbi la machimbo limelala juu ya kila kitu. Mkubwa fulani alitegemewa kupita, kwa hiyo tuliamriwa tufagie barabara ya udongo. Ufagie udongo juu ya udongo! Tulifagia. Wingu jekundu likapanda mpaka hatuonani, viongozi wa chama wanapita wanatuhimiza, na leso puani. Mume wangu alikuwa zamu shimoni. Binti yetu nilimwacha kizingitini mwa nyumba.

Nilipogeuka kumtazama, alikuwa amekaa, mikono ameikaza magotini, mabega yamepanda mpaka masikioni.

"Kuko nini?"

"Niko muzuri," akasema. Maneno hayo mawili yalimtoka kwa pumzi mbili.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Sikuuliza tena. Niliingia, nikauburuta mfuko mpaka nje kwenye mwanga, nikaanza kuipiga kufuli kwa mchi wa kinu. Kufuli ya jenerali ikacheka. Mama jirani, aliyekuwa na jembe lake la salongo, akaja kuuliza nafanya nini. Nikamnyang'anya jembe, nikalipasua turubai kuanzia mdomoni hadi chini. Sukari, sabuni, mishumaa, vyote vikamwagika vumbini.

Mama jirani akaangalia mfuko, akaniangalia mimi. Akashika kichwa.

"Mawee! Banafungua mufuko! Mufuko ya vita banaufungua!"

Yesu wangu! Sijawahi kuona watu wanaelewa jambo haraka namna ile. Fagio zikaanguka. Akina mama wakanyakua watoto, wengine wakanyakua watoto wasio wao. Viongozi wa chama walikuwa wa kwanza kupita kona, na leso zao. Majenerali waliokuwa wametoka zamu ya usiku wakaruka nje kwa nguo za kulalia, na ile njia ya reli waliyonieleza miaka yote wakaisahau, kila mtu akaenda upande wake. Nilipaza sauti kwamba hakuna vita, ni kifua cha mtoto! Nani asikilize?

Nikaliokota kopo. Nikatoa kidonge, nikamshika mtoto kidevu, nikamwekea mdomoni. Akakitema kwenye kiganja chake. Akanirudishia.

"Hapana, mama. Ile iko ya vita."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtoto shingo imevutika, mbavu zinaingia ndani kila akivuta, na ananirudishia dawa kwa adabu, kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga alikuwa shimoni. Nikamgeuza uso aone barabara.

"Angalia, mwanangu! Banakimbia! Vita njo hii, imefika. Meza!"

Akatazama watu wanavyokimbia. Akatazama mfuko uliopasuka. Akaona kwamba mama yake hasemi uongo, akafungua kinywa, akameza.

Nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Muuguzi hakuwepo, vita yangu ilikuwa imekwisha kumfikia. Tukakaa kwenye benchi la nje, peke yetu katika mji uliofagiwa vizuri sana, mimi nimemwegemeza kifuani, nasikiliza ule mluzi. Nilimtukana mume wangu kwa Kiswahili na kwa Kiluba, kimoyomoyo, nikamwomba Mungu, nikamtukana tena. Mluzi ukaanza kulegea polepole. Midomo ikarudiwa na rangi yake. Mwishowe mtoto akaomba maji.

Habari za vita zilikuwa zimeshuka mpaka shimoni. Mume wangu alitufikia anakimbia, kofia ya kazi kichwani, tope mpaka magotini, kisu amekwisha kikunjua.

"Banatokea upande gani?"

"Hakuna mutu anatokea," nikamwambia. "Ilikuwa tu kifua ya mutoto."

Alisimama pale na kisu chake. Binti yake akateremka mapajani mwangu, akasimama wima mbele yake kama anavyosimama shuleni akiitwa na mwalimu.

"Papa, mi nilikunywa ya vita. Mama alisema vita inafika. Nitatafuta namna ya kurudisha."

Baba yake alikikunja kisu, akachuchumaa.

"Usinipige, papa. Ni hii moja tu njo ilinishinda. Zile zingine zote nilinyamaza."

"Zingine gani?"

"Zile zinakujaka usiku wakati munalala. Nawekaka blanketi mu kinywa, ju mama asisikie. Inapita."

"Mara ngapi?"

Mtoto akafikiri. Alitaka kumjibu baba yake sawasawa. Akainua mikono, akaanza kuhesabu vidole, akigusa kimoja kimoja, midomo ikitembea. Vidole vikaisha. Akarudi kwenye kidole gumba, akaanza upya. Mume wangu akaishika ile mikono miwili, akaifunga ndani ya yake, na kichwa chake na kofia yake akavilaza magotini pangu, akalia kwa sauti mbele ya mtoto.