Kitabu Nilichokimaliza Sebuleni kwa Memsahibu

Hakuna kitu cha kunishtua mimi. Nilianza kwa kubeba magunia ya viazi Molo, leo malori manne ni yangu. Lakini juzi, katika duka la vitabu Nakuru, niliona kitabu kikubwa cha michoro, nikasimama.

Kilikuwa sawa na kile cha memsahibu, yule mama wa kizungu ambaye mama yangu alimfulia nguo nilipokuwa mtoto. Alasiri moja niliingia sebuleni kwake, kukinuka nta ya sakafu. Kitabuni walichorwa watu wembamba, uchi, wamefumba macho, wengine wakipaa. Baba alikuwa amechukuliwa na askari wa mkoloni, na nilijua wazungu hupiga watu picha za kipande, kile kitambulisho cha kazi. Basi nikaamini hawa ndio waliochukuliwa. Nikaanza kumtafuta baba, ukurasa kwa ukurasa.

"Weka chini, toto," memsahibu akasema mlangoni. "Hii si kitabu ya watu kama wewe."

"Bado sijamaliza."

Mama alikuja mbio, mikono imejaa povu, akanivuta. "Unatafuta nini humo?"

"Baba."

Akaniachilia. "Maliza basi," akasema, memsahibu akiwa amesimama pale pale.

Nilimaliza. Baba hakuwemo.

Siku hizi najua ile ni michoro ya mashairi ya falsafa. Hata muuzaji kule Nakuru alinionya: "Mzee, hiki ni kigumu kidogo. Magazeti yako pale."

"Kijana, hiki nilikimaliza kabla hujazaliwa. Nifungie."

Nikalipa shilingi elfu moja, mia nane na hamsini.