Siku Niliyoiongeza Kule Mara

Kwa miaka saba nilifundisha habari za wanyama wa porini katika shule moja karibu na Nyaramba, na kwa miaka hiyo yote mnyama mkubwa kuliko wote niliyekuwa nimemwona kwa macho yangu alikuwa fahali wa jirani. Nilikuwa na picha ukutani, kitabu mezani na sauti ya mtu anayejua. Nikieleza jinsi simba anavyonyemelea swala, watoto walitulia, nami ndani yangu nilijua kwamba ninasimulia uvumi. Jambo hilo lilinitia haya, na ndilo lililonifanya nianze kupanga safari. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, likizo ya Agosti.

Mwenzangu alikuwa Odhiambo, fundi wa magari, mtu wa pande za ziwani aliyekuwa na gereji nyuma ya soko mjini Kisii. Alikuwa amenunua pikapu ya Pijo iliyochoka, akaifufua kifaa kwa kifaa, akatamani kuijaribu katika barabara ndefu. Tulipanga kwa miezi miwili. Kila Jumapili nilishuka Kisii na karatasi yangu kubwa ya kaki ambayo juu yake nilikuwa nimenakili ramani ya shule: Kisii, Nyamache, Nyangusu, Kilgoris, Lolgorien, kisha kuteremka ukingo mrefu wa bonde hadi mbuga za Mara. Kando ya kila kituo niliandika saa ya kufika na mnyama wa kutazama. Mtoni, viboko. Kwenye migunga, twiga. Chini ya mteremko, tembo. Uwandani, nyumbu na punda milia, kisha simba.

Odhiambo aliisoma ile karatasi akacheka kwa upole. Aliniuliza kama wanyama nao nimewapelekea nakala.

Siku tatu kabla ya kuondoka, mke wangu Moraa alipata habari kutoka kwao Nyamache. Mama yake alikuwa akipeta wimbi, kapi likaruka likamchoma jicho la kulia. Hilo ndilo lililokuwa jicho lake. La kushoto lilikufa zamani, akiwa msichana. Mganga wa zahanati alikuwa amempaka dawa na kusema kwamba daktari wa macho, ambaye hufika Kisii kwa nadra, angekuwepo Alhamisi, na mgonjwa awe pale asubuhi mapema. Moraa aliniomba nipite nimjulie hali. Nilimwambia asiwe na shaka, kwani njia yetu ilipita pale pale.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, niliondoka Nyaramba kwa miguu na begi moja, nikapata lori la majani chai hadi Kisii. Saa mbili tulikuwa barabarani, madebe mawili ya petroli nyuma, blanketi, sufuria, na karatasi yangu juu ya magoti. Njia ilipanda na kushuka katikati ya chai na migomba, vumbi jekundu likitufuata. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ya asubuhi ile. Naitaja kwa sababu ni kweli, ingawa leo sipendi kuikumbuka.

Tulifika Nyamache karibu saa nne. Shemeji yangu Ombati, kaka yake Moraa, anayetunza boma la mama yao, alitupokea uani. Mama mkwe alikuwa ndani. Kwetu Kisii mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hata kuangaliana usoni wanaepuka. Tunaita chinsoni, na neno hilo kwetu lina aibu na heshima ndani yake, huwezi kuzitenga. Kwa hiyo nilimsalimu nikiwa nje ya mlango, naye akaniitikia kutoka gizani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Aliuliza watoto wanaendeleaje.

Ombati alinieleza mpango wake. Jumatano angempandisha mama basi, walale kwa jamaa yao Suneka, ili Alhamisi alfajiri wawe karibu na mji. Ulikuwa mpango mzuri, tena wa mtu asiye na gari. Mimi nilikuwa na gari nyuma yangu, la mtu mwingine, lakini siku ile nililiona kama langu.

"Basi la nini, shemeji?" nikamwambia. "Litamtikisa bure na jicho lile. Jumatano jioni tutalala hapa kwako. Alhamisi alfajiri tunamchukua. Yeye atakaa mbele na Odhiambo, mimi na wewe nyuma."

Ombati aliniangalia kwa shukrani ambayo bado naiona. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Kisha akaenda akakata mkungu mzima wa ndizi mbivu, akaupakia garini, akisema mama ndiye aliyeagiza tusifike kwa watu mikono mitupu.

Mchana wa siku hiyo tulipita Nyangusu na migomba ikaanza kuisha. Kilgoris upepo ulikuwa mkavu. Baada ya hapo nchi ilifunguka, ng'ombe wakawa wengi kuliko watu, na kabla ya Lolgorien tukawaona twiga wanne kando ya migunga. Odhiambo alizima injini. Twiga wa kwanza alitutazama muda mrefu, akaendelea kula. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba twiga hukimbia akiona mtu. Nilichukua kalamu nikaandika kwamba nilikosea.

Jumanne asubuhi tuliteremka ule ukingo taratibu, Odhiambo akikanyaga breki kwa woga wa fundi anayejua kilicho chini ya gari. Uwanda ulikuwa mweusi kwa nyumbu. Walikuwa wakienda bila haraka, mstari baada ya mstari, na mlio wao ulikuwa kama wazee wanaogunaguna kwa pamoja. Tukawaona punda milia, nyati, nyamera wamesimama juu ya vichuguu, na tembo na ndama wake mtoni. Viboko walikuwa walewale wa pichani, ila hakuna picha inayokupa harufu yao. Kufikia jioni karatasi yangu ilikuwa na alama kila mahali, isipokuwa mahali pamoja.

Usiku ule tulipokelewa na askari wa wanyama aliyeitwa Lemayian, aliyekaa katika nyumba ya mabati karibu na kizuizi cha barabara. Alitupa maziwa ya kibuyu na nafasi ya kutandika blanketi. Tulimpa ndizi. Alizisifu sana, akauliza zimetoka shamba la nani. Nilimjibu ni za mama mkwe wangu, tena nikajivuna kidogo.

Jumatano tulizunguka tangu asubuhi, hatukumwona simba. Saa sita mchana tulirudi kwa Lemayian kuchukua vitu vyetu. Ndipo aliposema kwamba kundi la simba lilikuwa limevuka karibu na korongo la upande wa mto, na akienda nasi alfajiri angeweza kutuonyesha. Alisema tu kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Hakutuomba tubaki.

Nilimwambia Odhiambo tungoje.

Alikuwa akifunga kifuniko cha debe. Hakuinua kichwa. "Mwalimu, na yule mama?"

"Daktari yupo siku nzima," nikasema. "Tukiondoka mapema kesho, saa saba tuko Kisii."

"Nani amekuambia siku nzima?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilijibu kwamba hospitali ni hospitali, na kwamba sikuwa nimetoka Nyaramba hadi pale ili nirudi kusimulia simba wa kwenye kitabu. Odhiambo alinitazama. Gari lilikuwa lake, angeweza kuwasha na kuondoka, na mara nyingi nimetamani angefanya hivyo. Lakini mgonjwa alikuwa mama mkwe wangu, si wake, na labda alidhani najua ninachosema. Akafungua kifuniko tena.

Alhamisi, saa mbili kasoro asubuhi, Lemayian alituonyesha simba. Walikuwa watatu, dume mmoja na majike wawili, chini ya kichaka. Walikuwa wameshiba. Dume alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba, nzi wakimtembea machoni. Nilingoja ainuke, niwaambie watoto aliinuka. Odhiambo alitazama saa yake mara tatu. Lemayian alitafuna kijiti. Simba alitikisa sikio. Nilisema dakika tano tu, kisha tano nyingine, na tulipoondoka saa tatu ilikuwa imepita, naye hajafumbua hata jicho.

Mvua ilikuwa imenyesha juu ya ukingo usiku, nasi hatukujua. Tulikwama kwenye tope mara mbili. Nilisukuma gari mpaka viganja vikachubuka, na kila nilipoinua macho jua lilikuwa limesogea. Kufikia Kilgoris hatukuwa tukizungumza.

Tulifika Nyamache saa kumi na nusu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya duka lililo kando ya barabara, kitambaa safi kimefungwa juu ya jicho, viatu miguuni, ambavyo huvaa kwenda kanisani tu. Ombati alisimama karibu yake. Walikuwa pale tangu kabla ya mapambazuko. Basi la asubuhi lilikuwa limesimama mbele yao, kondakta akawaita, na mama akasema mkwe wake ameahidi, watamngoja. Aliposikia sauti yangu aligeuza uso upande mwingine. Hakuwa na jicho la kunitazama nalo, lakini aligeuza uso, ili kunitunzia heshima yangu.

"Springi ya gari ilikatika," nikamwambia Ombati. "Tumelala porini."

Odhiambo alishuka akaanza kupangusa kioo cha mbele, ambacho kilikuwa safi.

Ombati alisema pole. Alituambia pole sisi wote wawili, akauliza kama tumekula.

Saa moja kasoro tulikuwa Kisii. Muuguzi aliyetupokea alifungua kile kitambaa, akakifunga tena polepole. Alisema daktari aliona wagonjwa mpaka saa nane, akaondoka kwenda mji mwingine, na angerudi baada ya miezi mitatu. Aliweka dawa aliyokuwa nayo. Nikiwa kwenye baraza niliuliza kama kuchelewa kwetu kumebadilisha jambo. Alinijibu kwamba yeye si daktari, lakini asubuhi ile kuna mtu mwenye kidonda kama hicho aliyehudumiwa.

Tulimpeleka mama Suneka kwa yule jamaa, kisha Odhiambo akanirudisha mjini. Aliegesha mbele ya gereji, akakaa na mikono kwenye usukani.

"Gari langu halijakatika springi," alisema. "Umelisingizia." Hatukuwahi kusafiri pamoja tena.

Nilirudi Nyaramba Ijumaa. Moraa aliuliza, nami nikamweleza habari za springi. Safari ya pili uongo huwa mwepesi zaidi. Shule ilipofunguliwa niliwasimulia watoto juu ya twiga na nyumbu, na walipouliza kuhusu simba niliwaambia hatukubahatika.

Daktari aliporudi, jicho lilikuwa limekuwa jeupe. Alisema kama angeliona siku zile za kwanza, labda. Hakusema zaidi ya labda.

Desemba tulienda Nyamache mimi na Moraa. Kazi za nyumbani mama alikuwa ameshajifunza kuzifanya kwa kupapasa. Adhuhuri aliketi ndani karibu na ukuta, mimi nikakaa nje upande wa pili wa ukuta huohuo, na Moraa akakaa kizingitini, kama inavyotakiwa. Mama alimwambia binti yake aniombe nimsimulie safari yangu. Alisema hajawahi kuona mnyama yeyote kati ya hao, na sasa hatawaona, basi angalau awasikie. Alitaka nianze mwanzo, nisiruke.

Nikaanza. Nilieleza lori la chai, barabara, ndizi zake zilivyosifiwa. Nilieleza twiga, naye akauliza shingo inakuwaje anapokunywa maji. Nilieleza nyumbu na tembo na ndama. Nikafika Jumatano saa sita mchana, nikakoma, kwa maana mtu anayesimulia safari kituo kwa kituo hana mahali pa kuificha siku nzima.

"Baada ya hapo?" aliuliza, safari hii yeye mwenyewe, si kupitia kwa Moraa.

"Gari lilikuwa zima, mama," nikasema. "Halikukatika kitu. Nilibaki ili nimwone simba."

Moraa aliinuka kizingitini akasimama, kisha akaketi tena, akinipa mgongo. Nilisikia Ombati akipasua kuni nyuma ya nyumba, pigo moja, jingine, kisha akaacha.

"Ukamwona?" mama akauliza.

"Nilimwona."

"Alikuwa anafanya nini?"

Nilitafuta jibu lingine. Mwalimu hakosi maneno, na ningeweza kumsimamisha yule simba, nikamfanya angurume, nikampa swala wa kumkimbiza. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa miaka saba mbele ya ubao. Lakini nilikuwa nimechoka kusema uongo.

"Alikuwa amelala, mama."

"Amelala," akasema. Akavuta pumzi. Kisha akasogea karibu zaidi na ukuta, nikasikia kigoda kikiburuzwa sakafuni.

"Haya," akasema. "Niambie alivyolala."